Makaburi ya Kasubi: Nyumba ya Majani ya Wafalme

Ndugu wanafunzi wa Same na wa milima yote ya Upare, leo tuna somo la historia. Mwenye kitabu afungue, na mwenzake asiye nacho asogee karibu.

Ninyi mnaijua ndiva. Ni bwawa la udongo walilolijenga wazee. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani. Je, ndiva ingedumu kama watu wasingetoka kwenda msaragambo kuzoa tope? Isingedumu. Likumbukeni jambo hilo.

Sasa tutazame makaburi mawili mashuhuri. La kwanza liko India, katika mji wa Agra. Jina lake ni Taj Mahal. Mfalme Shah Jahan alilijenga kwa ajili ya mkewe, Mumtaz Mahal, aliyekufa mwaka 1631. Limejengwa kwa marumaru, yaani jiwe jeupe linalong'arishwa. Kuba lake limepanda juu kupita mita 70. Ukiliona utasema: jiwe hudumu, majani huoza.

Basi twende Uganda, tuone kama neno hilo ni kweli. Juu ya kilima cha Kasubi, mjini Kampala, kuna kaburi la wafalme wa Buganda. Mfalme wao huitwa Kabaka. Mwaka 1882 Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga pale jumba lake. Alipokufa mwaka 1884 alizikwa humo humo, na jumba likawa kaburi. Baada yake walizikwa Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Mwanga alifia uhamishoni Seychelles mwaka 1903, na Mutesa wa Pili alifia London mwaka 1969. Wote wawili walirudishwa kwao, wakalazwa Kasubi.

Jumba hilo ni la mviringo, na upana wake ni mita 31 hivi. Halikujengwa kwa marumaru. Lilijengwa kwa miti, matete na fito, na paa lake nene la majani hushuka mpaka karibu na ardhi. Ndani, chini ya paa, kuna pete 52 zilizosukwa. Kila pete ni alama ya ukoo mmoja wa Waganda. Makaburi yenyewe yamefichwa nyuma ya pazia la nguo ya magome ya mti. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani Mbega. Baba humfundisha mwana.

Mwaka 2001 Kasubi iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza jumba lile. Watu walilia kama waliofiwa upya.

Je, ndio ulikuwa mwisho? Hapana. Jumba lilijengwa tena kwa miti, matete na majani, kama zamani. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 10, maana paa la namna ile halinunuliwi dukani. Lazima awepo anayejua, na awepo anayekubali kufundishwa. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Na marumaru ya Agra, je? Nayo hugeuka manjano kwa moshi na vumbi. Mafundi huyapaka udongo maalumu, kisha huuosha, ndipo weupe urudi. Basi jiwe nalo linahitaji mikono ya watu.

Ndugu mwanafunzi, hakuna jengo linalojilinda lenyewe. Mzee akifa na ujuzi wake bila kumfundisha mtu, ni hasara kubwa kuliko paa kuungua. Wewe sasa unajua kuandika. Nenda kwa mzee wako, muulize, uandike.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini pete za Kasubi ni 52?
2. Kwa nini jumba liliweza kujengwa tena?
3. Ni kazi gani ya wazee wa Upare ambayo vijana wa kwenu hawajafundishwa?