Kikamulio cha tyubu: Kifaa sahili kiokoacho dawa ya meno isitupwe jaani

KIKAMULIO cha tyubu ni kifaa kidogo cha nyumbani kinachotumiwa kusukuma nje, hadi tone la mwisho, kitu kizito kilichomo ndani ya tyubu laini. Aghalabu kitu hicho huwa dawa ya meno, ingawa kifaa hichohicho hufaa pia kwa mafuta ya kujipaka, gundi, rangi ya viatu na nyanya zilizosagwa.

Jina lake limetokana na kitenzi kukamua, ambacho Mswahili hukitumia kwa ng'ombe anayetolewa maziwa, kwa chungwa na hata kwa nguo iliyoloa maji. Mzizi wa neno hilo umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Waganda na Wakikuyu, mathalani, huutumia kwa kazi ya kukama ng'ombe.

Wengi hukiona kifaa hiki kuwa cha anasa au cha mchezo. Hata hivyo, kwa familia inayohesabu kila shilingi, na hususan kwa mwanafunzi wa bweni ambaye hawezi kukimbia dukani dawa ya meno inapomwishia, suala la kilichosalia ndani ya tyubu si dogo.

Chukua mfano wa Kibabii, kilomita chache kutoka mjini Bungoma kwenye barabara iendayo Chwele. Hapa kuna shule za bweni, na pia Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopata hati yake ya kujitegemea mnamo 2015, baada ya kuanza kama chuo cha walimu. Maelfu ya vijana hufika wakiwa na sanduku moja, na ndani ya sanduku hilo mna tyubu ya dawa ya meno inayotarajiwa kudumu muhula mzima.

Asili ya tyubu

Kabla ya tyubu, watu wa Afrika Mashariki walisafisha meno kwa vijiti vya miti, mkaa uliosagwa au majivu. Mti maarufu zaidi ni ule uitwao mswaki, na ndio uliolipa jina lake brashi ya meno tunayoitumia leo. Vijiti hivyo vingali vinatumiwa na vinauzwa katika masoko mengi.

Tyubu yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya meno. Mchoraji wa Marekani aitwaye John Goffe Rand ndiye aliyeisajili mnamo 1841, alipokuwa akiishi London. Wachoraji wa wakati huo walihifadhi rangi zao katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka kwa urahisi na kuiacha rangi ikauke. Rand alitengeneza mfuko wa bati laini wenye kifuniko, nao ukawa unakunjwa kadiri rangi inavyopungua.

Nusu karne baadaye, daktari wa meno wa jimbo la Connecticut, Washington Sheffield, alianza kuuza dawa ya meno katika tyubu za namna hiyo. Kampuni ya Colgate, iliyokuwa ikiuza dawa yake katika vyombo vya kopo tangu 1873, ilifuata mkondo huo mnamo 1896. Leo jina la kampuni hiyo limezoeleka mno nchini Kenya kiasi kwamba baadhi ya watu huita dawa yoyote ya meno 'kolgeti'.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, bati lilikuwa adimu baada ya Japani kuteka maeneo ya Asia yaliyochimba madini hayo kwa wingi. Nchini Marekani mnamo 1942, aliyetaka kununua tyubu mpya alitakiwa kwanza kurudisha ile iliyokwisha. Uhaba huo ulichangia kuifungulia plastiki njia.

Kwa nini dawa hubaki ndani

Ili kuelewa kazi ya kikamulio, yafaa kwanza kujua tabia ya dawa ya meno. Si maji, wala si kitu kigumu. Ikiachwa juu ya mswaki hutulia kama udongo wa kufinyanga, lakini ikisukumwa kwa nguvu ya kutosha hutiririka. Kwa sababu hiyo haiwezi kushuka yenyewe hadi mdomoni mwa tyubu jinsi maziwa yanavyoshuka chupani. Ni lazima isukumwe.

Mtu anapoibinya tyubu katikati, dawa hukimbilia pande mbili. Sehemu moja hutoka mdomoni na nyingine hurudi mkiani. Kila siku mkono unapobinya mahali palepale, akiba ya mkiani huongezeka hadi mwenye tyubu anapodhani kuwa imekwisha.

Tyubu za zamani za bati, na baadaye za alumini, hazikuwa na tatizo kubwa kwa upande huu. Ukikunja mkia wake, mkunjo hubaki ulivyo. Tyubu nyingi za leo zimetengenezwa kwa matabaka ya plastiki, na baadhi zina utando mwembamba wa alumini katikati. Plastiki ina tabia ya kurudia umbo lake: ukiikunja, hukunjuka, na inapokunjuka huvuta hewa ndani na kuirudisha dawa nyuma.

Hapo ndipo kikamulio kinapohitajika. Kazi yake ni mbili: kuisukuma dawa upande mmoja tu, yaani kutoka mkiani kuelekea mdomoni, na kuushikilia mkia uliokwisha kubanwa usifunguke tena.

Aina za vikamulio

Aina ya kwanza, ambayo pia ndiyo kongwe, ni ufunguo. Huu ni ujiti wa chuma au plastiki wenye ufa mrefu katikati na kishikio upande mmoja. Mkia wa tyubu hupenyezwa katika ufa, kisha ufunguo huzungushwa na tyubu ikajiviringa juu yake.

Aina ya pili ni kibanio cha kuteleza. Ni kipande bapa cha plastiki chenye mwanya mwembamba. Tyubu hupitishwa mwanyani kuanzia mkiani, na kila siku kibanio husukumwa mbele kidogo. Hakina kishikio cha kuzungusha, na ndicho cha bei nafuu zaidi kutengeneza.

Aina ya tatu ina magurudumu mawili madogo yanayokabiliana, mfano wa mashine za zamani za kukamulia nguo. Tyubu hupita kati ya magurudumu hayo huku mtumiaji akizungusha mpini. Aina hii hukamua vyema zaidi na hutumiwa pia na wachoraji na wasusi wanaopaka nywele rangi, lakini bei yake huwa ya juu.

Kujitengenezea nyumbani

Si lazima kifaa hiki kinunuliwe. Magharibi mwa Kenya, ambako baiskeli zilibeba abiria na mizigo kwa miaka mingi kabla ya pikipiki kuzagaa, spoku kuukuu, yaani njiti za gurudumu, hazikosekani kwa fundi. Kipande cha spoku chenye urefu wa takriban sentimita 20 chatosha.

Kikunje katikati mpaka miguu miwili ilale sambamba, ikiachana kwa unene wa sarafu. Sugua ncha zake kwa tupa au juu ya jiwe hadi zisikwaruze. Penyeza mkia wa tyubu kati ya miguu hiyo, kisha shika upande uliokunjwa na uzungushe kuelekea mdomoni.

Asiye na spoku aweza kutumia kijiti kikavu chenye unene wa kidole na urefu wa kiganja. Kipasue kwa msumeno mdogo kutoka ncha moja hadi karibu na nyingine, bila kukitenganisha. Penseli mbili zilizofungwa kwa raba kila upande nazo hufanya kazi iyo hiyo.

Njia rahisi kabisa haihitaji utengenezaji wowote. Laza tyubu juu ya meza, uifungue kidogo, kisha uipitishie mgongo wa kitana kutoka mkiani hadi shingoni. Kunja sehemu iliyo tupu na uibane kwa kibanio cha nguo ili isikunjuke.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kifuniko kilegezwe wakati wa kukamua kwa nguvu. Tyubu iliyofungwa kabisa na kubanwa mno yaweza kupasuka pale mkia ulipounganishwa. Kwa gundi kali tahadhari hii ni muhimu zaidi, maana ikimrukia mtu machoni madhara yake ni makubwa.

Mipaka ya kikamulio

Hakuna kikamulio kinachomaliza kila kitu. Sehemu iliyo karibu na mdomo, iitwayo bega, hutengenezwa kwa plastiki ngumu ambayo haibanwi. Dawa iliyo hapo hutolewa kwa kuikata tyubu kwa mkasi. Iliyokatwa itumiwe na mtu mmoja, ifunikwe, na imalizwe kwa siku chache.

Swali linalosalia ni hili: je, uokozi huo wafikia kiasi gani? Tuchukue tyubu ya gramu 100 ambayo ingetupwa ikiwa na gramu tano ndani. Kiasi cha dawa kinacholingana na punje ya njegere huwa na uzito wa karibu robo gramu. Gramu hizo tano basi zatosha kupiga mswaki mara 20, yaani siku 10 kwa anayepiga mswaki asubuhi na jioni.

Siku 10 si haba kwa mwanafunzi anayesubiri kufunga shule. Lakini hesabu hiyohiyo hufichua upotevu mkubwa zaidi. Anayetumia punje ya njegere mara mbili kwa siku hutumia nusu gramu. Katika muhula wa wiki 13 atahitaji gramu 46 hivi. Anayejaza mswaki wote, jinsi matangazo ya biashara yanavyoonyesha, aweza kutumia gramu moja kila mara, na muhula huohuo ukamgharimu gramu 182.

Kwa maneno mengine, kikamulio huokoa kilichosalia mkiani, ilhali sehemu kubwa ya hasara hutokea mdomoni mwa tyubu. Anayetaka tyubu yake idumu na aanze kwa kupima anachotoa, ndipo akamue kinachobaki.

Kipimo hicho si suala la fedha pekee. Dawa nyingi za meno zina floraidi, madini yanayoimarisha meno yasioze. Mtoto mdogo huimeza dawa badala ya kuitema, na floraidi ikizidi wakati meno yanapoota huyatia madoa. Katika sehemu za Bonde la Ufa, maji yenyewe yana floraidi nyingi na madoa ya kahawia ni ya kawaida. Wataalamu hushauri mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere.

Isikamuliwe dawa ya macho

Kuna tyubu ambazo haifai kabisa kuzikamua kwa nia ya kubana matumizi. Mojawapo ni ya dawa ya macho, mfano tetracycline ya asilimia moja, ambayo watoto wachanga hupakwa hospitalini kuwakinga na maambukizi. Tyubu ya dawa ya macho ikishafunguliwa, kwa kawaida haifai kutumiwa baada ya wiki nne, hata kama bado ina dawa nyingi.

Vivyo hivyo kwa dawa za ngozi zilizosalia kutokana na maradhi ya mwaka jana au ya mgonjwa mwingine. Kilichobaki katika tyubu ya namna hiyo si akiba. Chaweza kuwa hatari kwa mtumiaji.

Baada ya kukamuliwa

Tyubu iliyokwisha huleta tatizo la mwisho. Alumini huweza kuyeyushwa na kutumiwa upya, lakini matabaka ya plastiki na chuma yaliyogandamana ni vigumu kuyatenganisha. Katika boma nyingi za mashambani tyubu hizo huishia shimoni au motoni, na moshi wa plastiki una sumu.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, na mnamo 2022 ikapitisha sheria ya usimamizi wa taka inayowabebesha watengenezaji jukumu la bidhaa zao baada ya matumizi. Baadhi ya kampuni za dawa ya meno nazo zimeanza kutumia tyubu za plastiki ya aina moja ambayo yaweza kurejelezwa. Tyubu iliyokamuliwa ikabaki tupu ndiyo rahisi kusafishwa na kupokelewa na wanaokusanya taka.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kwa mzazi anayefunga sanduku la mwanawe tayari kwa muhula mpya, ujiti wa spoku uliokunjwa hauongezi uzito wowote. Amtilie humo pamoja na tyubu, na kabla hajaondoka amwonyeshe ukubwa wa punje ya njegere.