Dawa ya Kifafa Mahenge

Kusini ya Ifakara, ng'ambo ya mto Kilombero, iko milima ya Mahenge. Zamani huko mwenye kifafa alitengwa. Akianguka motoni, watu waliogopa kumshika. Walidhani mate yake huambukiza. Sivyo. Mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki pale, akawapa wagonjwa fenobabitali, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1912.

Chembe za ubongo hupelekeana habari: nyingine huamsha, nyingine hutuliza. Zinazoamsha zikizidi, mtu huanguka. Dawa hii huzipa nguvu zinazotuliza. Haikati mzizi wa ugonjwa, huzuia tu. Basi usiiache ghafula, hata ukijiona mzima: kifafa kitarudi kwa ukali.

Swali: Kwa nini tusiogope kumtoa mgonjwa motoni?