Uvimbe wa kongosho: Maji kwa kiasi, chakula mapema, kisu mwisho

KONGOSHO ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa tumbo. Hutoa insulini pamoja na vimeng'enya vya kusaga chakula. Vimeng'enya hivyo vikianza kazi kabla ya kufika utumboni, tezi hujisaga yenyewe na kuvimba ghafla.

Visababishi vikuu ni mawe ya nyongo na pombe. Madhara ya pombe si mageni kwa wakazi wa Embu na Meru. Mnamo Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika Embu na kaunti nyingine. Sumu hiyo huua kwa muda mfupi; lakini hata pombe halali, ikinywewa kupita kiasi kwa miaka mingi, huharibu kongosho kimyakimya.

Mgonjwa hupata maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, na kutapika. Akidhani ni vidonda vya tumbo, huenda akanunua dawa dukani huku hali ikizorota. Daktari huthibitisha ugonjwa akipata mambo mawili kati ya matatu: maumivu hayo, lipasi au amilasi iliyozidi kiwango cha juu cha kawaida angalau mara 3 katika damu, au picha inayoonyesha uvimbe.

Kilichobadilika zaidi ni tiba. Zamani mgonjwa alinyimwa chakula kwa siku kadhaa. Siku hizi hulishwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Utafiti wa mwaka 2022 ulibaini kuwa kutia maji mengi mishipani kwa kasi hakufai: yaliwazidi mwilini asilimia 20.5 ya wagonjwa, ikilinganishwa na 6.3 ya waliotiwa kwa kiasi. Antibiotiki hutolewa tu panapokuwa na maambukizi.

Upasuaji nao umesogezwa nyuma. Nchini Uholanzi, utafiti wa 2010 kuhusu wagonjwa mahututi ulionyesha kuwa kuanza kwa mrija wa kutoa uchafu kulipunguza matatizo makubwa na vifo kutoka asilimia 69 hadi 40.

Wagonjwa wengi hupona bila kisu. Dripu, chakula na dawa za maumivu havihitaji safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru hadi Nairobi. Wanaohitaji chumba cha wagonjwa mahututi ni wale ambao figo, mapafu au moyo umelemewa. Kwao, kila saa iliyopotea nyumbani ina gharama.