Tunamtaka Willy Gamba yupi?

Katika fasihi ya Kiswahili wapo wahusika wachache walioishi zaidi ya kitabu kimoja. Wengi huzaliwa ukurasa wa kwanza na kuzikwa ukurasa wa mwisho, kisha hubaki kwa ajili ya mitihani. Lakini Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango walikuwa wanarudi. Msomaji alifunga kitabu akijua kwamba jamaa yupo mahali fulani, anapumzika, na kwamba siku moja simu italia. Hapo ndipo linapozaliwa jambo ambalo wahakiki wetu hawajalishughulikia vya kutosha, nalo ni madai ya msomaji. Mtu aliyesoma vitabu vitatu vya Willy Gamba hajioni tena kuwa mpokeaji tu. Anajiona ana hisa.

Wenzetu wa ng'ambo wanalijua hili. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, na miaka 10 baadaye akalazimika kumfufua. Ian Fleming alifariki mwaka 1964, na mwaka 1968 James Bond alikuwa tayari mikononi mwa mwandishi mwingine, Kingsley Amis, aliyetumia jina la bandia. Wamarekani nao wana ule mfululizo wa anga za juu, Star Trek, ulioanza mwaka 1966, ukasimamishwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, kisha ukarudi mwaka 1987 na nahodha mpya ndani ya chombo chenye jina lile lile. Tangu hapo kila mfululizo mpya ukitangazwa mashabiki hugombana. Mmoja anataka yale yale ya zamani, mwingine anataka kitu ambacho hajakiona, na mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye aliyetufungulia njia. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, Najum msaidizi wake, Inspekta Seif wa polisi: hawa ni jamaa wa Holmes na Watson, tusifichane, lakini wamevaa kanzu na wanazungumza Kiswahili ambacho Mwingereza asingeweza kukiota. Vitabu vilifuata hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Jina hilo tu lilikuwa mtego. Msomaji aliyezoea kumwona Bwana Msa akipata kila mara angewezaje kuliacha dukani? Abdulla alielewa kuwa mhusika wa mfululizo akishajengewa sifa, sifa yenyewe inakuwa mali ya kuchezea. Bwana Msa hakuhitaji vita wala ndege. Alihitaji fumbo, na msomaji wake alitaka kushindana naye kulifumbua.

Aristablus Elvis Musiba alikuja na kitu kingine kabisa. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Hebu tuutazame mwaka huo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliundwa mwaka 1963, makao yake yakawa Dar es Salaam. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Ndiyo, ndani ya kitabu! Msomaji wa mwaka 1974 hakuhitaji kuelezwa kwamba majasusi wapo. Alishalipia. Aprili ya mwaka huo huo utawala wa kidikteta ulianguka Lisbon, na Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Kwa hiyo alipofungua Kufa na Kupona, msomaji yule alikuwa anasoma ndoto ya ushindi wakati ushindi wenyewe unabisha hodi. Kikosi cha Kisasi (1979) kikapanua uwanja hadi Kinshasa, na majasusi kutoka nchi kadhaa za Afrika wakafanya kazi bega kwa bega. Umoja wa Afrika ambao kwenye mikutano ulikuwa unasuasua, kwa Musiba ulipiga risasi na kulenga.

Hapa nataka nibishane na mhadhiri mmoja, ambaye sitamtaja, aliyetuambia darasani kuwa riwaya pendwa haina maudhui, ina mbio tu. Kwani mbio za nani? Kukimbia kutoka Dar hadi Nairobi kuokoa nyaraka za wapigania uhuru ni maudhui tosha. Kasoro za Musiba zipo. Wabaya wake wana ubaya usio na sababu ya ndani, na wanawake katika vitabu vyake mara nyingi ni mtego au ni zawadi. Lakini tukubali kwamba kijana wa darasa la saba aliyemaliza shule bila kumjua Mondlane aliweza kuijua Kamati ya Ukombozi kupitia Willy Gamba.

Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mtoto wa wakati mwingine. Huyu hana Chifu wa kumpigia simu. Anafanya kazi zake binafsi, na Inspekta Kombora wa polisi anamhitaji huku anamkasirikia. Miaka ya 1980 dola ilikuwa imechoka, maduka matupu, karatasi ya kuchapia vitabu adimu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu mwaka 1977, na soko la vitabu la nchi tatu likavunjika pamoja nayo. Waandishi wakaanza kujichapishia, na Mtobwa mwenyewe akawa na kampuni yake, Heko. Shujaa wake naye amejiajiri. Sidhani kama ni bahati tu. Msomaji wa miaka hiyo alishaacha kuamini kwamba ofisi itamwokoa, akataka mtu mmoja mjanja mwenye ulimi. Na ulimi wa Joram, jamani, si mchezo. Hata hivyo Mtobwa hakuliacha deni la Kusini. Katika Tutarudi na Roho Zetu? anampeleka Joram na Nuru kukabiliana na Afrika Kusini ya makaburu.

Huku uwanda wa kati vitabu hivi vilifika kwa reli. Mjomba wangu, aliyekuwa kijana Manyoni, anasema nakala moja ya Kikosi cha Kisasi ilizunguka mtaa mzima kwa zamu, siku mbili mbili, na aliyechelewesha alinyimwa kitabu kinachofuata. Ilipomfikia haikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa. Akaambiwa mwisho kwa mdomo na watu wawili, kila mmoja na mwisho wake. Mpaka leo anaupenda ule ambao siyo wa Musiba. Nikimwonyesha kitabu kizima ananijibu, "Huyo mwandishi naye alikosea, mwanangu."

Nimemleta mjomba kwa sababu anaonyesha kitu kuhusu hadhira yetu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Mfululizo, kwa maana ya kumsubiri mtu yule yule arudi na kisa kipya, watu wa bara waliupata redioni, magazetini na katika vitabu hivi. Na mwaka huo huo wa 1994 Afrika Kusini ilipiga kura yake ya kwanza ya watu wote, na Kamati ya Ukombozi ikafungwa, kazi yake imekwisha. Fikiria basi: katika mwaka mmoja Willy Gamba alipoteza adui wake na kupata mshindani sebuleni.

Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Vitabu vyenyewe ukivitafuta hapa mjini utavipata kwa bahati, kwa wauza vitabu vya mitumba, katikati ya biblia na vitabu vya hesabu. Lakini wasomaji hawajafa. Wapo watu wanaokaa usiku kuchapa upya riwaya nzima neno kwa neno na kuisambaza simuni, sura kwa sura. Warithi wa waandishi hawapati hata senti, na hilo ni kosa. Ila mtu hafanyi kazi ya namna hiyo kwa kitu kisicho na thamani. Msambazaji akichelewesha sura moja, anatukanwa kama karani aliyeiba mishahara.

Basi nimewauliza watu. Si utafiti wa kisayansi, ni maongezi ya bwenini, kwenye daladala na nyumbani: akija mwandishi mpya na idhini ya familia, mnataka Willy Gamba yupi?

Wazee wanamtaka vile vile. Wanataka Chifu apige simu, safari ianze, msomaji apewe ramani ya mji asioujua. Jambo la ramani lilinishangaza. Wengi walisema waliijua Nairobi kwa Musiba kabla ya kuiona, hoteli zake na mitaa yake. Walikuwa wanasafiri kwa bei ya kitabu. Wanafunzi wenzangu wa kike walikuwa wakali zaidi. Mmoja alisema atamsoma Willy Gamba mpya siku mwanamke katika kitabu atakapojua siri kabla yake. Wengine wanataka awe kijana, ana kompyuta, anafukuza wezi wa mitandao. Hapa mimi nakataa. Kama tukimpa miaka 30 alipotoka mwaka 1974, leo ni mzee wa miaka zaidi ya 80. Ukimfanya kijana umempa mtu mwingine jina la marehemu. Katika mila zetu hilo linaruhusiwa, tunarithishana majina, lakini mrithi wa jina hadai kwamba ndiye aliyepigana vita vya babu yake.

Suala gumu kuliko umri ni adui. Kaburu alikuwa adui ambaye msomaji wa Dodoma, wa Lusaka na wa Maputo walimkubali pamoja. Leo mwandishi akimchagua mwizi wa mali ya umma, adui huyo yumo ndani, huenda anakaa ofisi ya jirani na Chifu. Je, Willy atapewa amri ya kumfuata? Na akipewa, tutaamini? Bila adui ambaye msomaji anamwogopa kweli, Willy Gamba anabaki suti na bastola.

Mimi nina ombi langu kama msomaji wa uwanda huu. Musiba alimpeleka shujaa wake Nairobi na Kinshasa, lakini chini ya kilomita 100 kutoka hapa Dodoma kuna Kongwa. Waingereza walikwenda huko mwaka 1947 na mpango wao wa karanga, wakafyeka pori kwa matrekta, ardhi ikakauka na kuwa ngumu kama saruji, mvua zikawakatalia, na mwaka 1951 wakauacha. Kuanzia mwaka 1964 majengo yao yalipokea wapiganaji: FRELIMO kwanza, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO, ZAPU na MPLA. Vyama vitano vya lugha tofauti, katika mji mdogo wa Wagogo, kila kimoja na siri zake, kikiwaogopa wapelelezi wa nje na wakati mwingine wa ndani. Baadhi ya vijana wale walizikwa pale pale, mbali na mama zao. Nani aliwauzia unga? Nani alizaa nao, nani alifundishwa nao mpira, nani aliulizwa maswali na mgeni aliyejifanya mnunuzi wa ng'ombe? Riwaya hiyo ya upelelezi haihitaji hoteli hata moja. Inahitaji mtu anayejua kusubiri.

Kwa hiyo Willy wangu ni mzee. Amestaafu, magoti yanamuuma, na anatafutwa na binti wa Kikongwa anayetaka kujua baba yake alikuwa nani kati ya wapiganaji wale, na kwa nini faili lake halipo. Upelelezi ni wa binti. Willy anajua nusu ya jibu na anaona aibu kulisema. Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Musiba hadi mifupa, aliposikia hivi alisema nimeua mfululizo: ngumi ziko wapi? Nikamwambia ngumi moja itakuwepo, sura ya tisa.

Limebaki swali la ofisi, na hili limetugombanisha wiki nzima. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Kufa na Kupona, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Maana yake Chifu wa leo hayuko Dar tena. Yuko huku kwetu, Mtumba, kwenye upepo na vumbi. Rafiki yangu anataka sura ya kwanza Willy apande treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, na ngumi ya kwanza ipigwe kabla ya Morogoro. Mimi nataka ashuke, asiende Mtumba, apande basi la Kongwa.

Tumekubaliana kuhusu treni. Basi bado.