Kuvunjika kwa Koleo: Historia Fupi ya Pedali ya Fazi

Pedali yangu ya kwanza haikulia. Nilikuwa nimelehemu transista moja kinyume. Nilipoigeuza, gita likatoa mlio mzito wenye mikwaruzo, kama redio ya betri iliyokaribia kuzimika. Mwenzangu wa chumbani akauliza, "Sasa imepona au ndiyo imeharibika zaidi?" Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, maana historia nzima ya chombo hiki imo humo.

Fazi ilizaliwa kutokana na hitilafu. Katika studio moja ya Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akipiga gita la besi la nyuzi sita kwenye wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, "Don't Worry". Mtambo wa kuchanganyia sauti ulikuwa na kasoro, na besi ikatoka imekwaruza. Badala ya kuirekodi upya, waliiacha. Watu wakaupenda mlio ule. Fundi mitambo Glenn Snoddy, akishirikiana na Revis Hobbs, akatafuta njia ya kuutoa kwa makusudi kwa kutumia transista. Gibson wakakinunua chombo chao na mwaka 1962 wakakitoa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wachache. Kiliuzika kwa wingi baada ya Keith Richards wa Rolling Stones kukitumia kwenye "Satisfaction" mwaka 1965.

Siri yake ni nyepesi. Wimbi la sauti ya gita lina vilele vya mviringo. Transista hulikuza, lakini ina kikomo chake. Likikuzwa kupita kikomo hicho, vilele hukatwa vikawa bapa, na pale penye kona ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Fuzz Face, iliyotengenezwa London mwaka 1966 na kupendwa na Jimi Hendrix, ina transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, vitufe viwili vya kuzungusha na betri ya volti 9. Ndiyo maana wanaoanza kujifunza huambiwa waanze nayo.

Mkwaruzo huo haukuchelewa kufika Afrika. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family, ambazo gita zao zilijaa fazi. Muziki huo leo unaitwa Zamrock. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ilifanya kazi na kurekodi Nairobi. Kwa hiyo masikio ya Afrika Mashariki yaliizoea fazi zamani kabla sisi hatujaanza kuitafuta mtandaoni.

Kisa kinachonigusa zaidi, hata hivyo, kinatoka Kinshasa. Mingiedi Mawangu, mpigaji wa likembe, alitaka chombo chake kisikike katikati ya kelele za jiji. Akajitengenezea maikrofoni kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari. Vikuza sauti vikazidiwa, likembe likakwaruza, na kundi lake, Konono N°1, likaushika mkwaruzo ule ukawa sehemu ya muziki wao. Dunia ilikuja kuwashangilia baada ya albamu ya "Congotronics" ya mwaka 2004, wakati Mingiedi alikuwa tayari mzee. Alifariki mwaka 2015.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Snoddy na Hobbs walipata hataza mwaka 1965. Mchoro wao umehifadhiwa na yeyote anaweza kuusoma. Mingiedi aliacha sauti. Ujuzi wa mikono yake, jinsi ya kuchagua sumaku, jinsi ya kuzungusha waya, ulipita kwa kutazamana tu. Mafundi redio wangapi wa Mombasa, Bukavu au Ujiji walifanya ugunduzi wao mezani, wakaondoka nao?

Sisi tulio Dubai tumekaa pahali pazuri pa kuuliza. Nenda Naif, kule Deira, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hufunga mizigo ya vifaa vya umeme kwenda nyumbani. Miongoni mwao wamo waliowahi kushika chuma cha kulehemu, nao wana Kiswahili cha kazi hiyo ambacho hukioni kwenye kamusi. Napendekeza klabu yetu iwatembelee na daftari kabla ya muhula kwisha. Tukiyaandika maneno yao na mbinu zao, atakayekuja baada yetu atakuwa na pa kuanzia.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwenzangu nimemjibu: imeharibika, na ndivyo inavyotakiwa iwe.