Kengele ya Frere Town

Kengele unayoiona ni ya kijiji kilichoanzishwa hapa Mombasa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875. Jina la kijiji ni la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Inasimuliwa kwamba kengele iligongwa kuwatahadharisha wakazi majahazi ya wauza watu yalipoonekana.

Frere mwenyewe tumwache. Wenye habari ni wakazi: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Wenyeji wao hapa walikuwa "Waafrika wa Bombay", watu waliokombolewa utotoni, wakapelekwa India, wakasomeshwa na kufundishwa ufundi huko Nasik, kisha wakarudi Afrika.

Mmoja wao ni Matthew Wellington, Myao ambaye jina lake la kuzaliwa ni Chengwimbe. Mwaka 1873 alikuwa katika msafara uliobeba maiti ya mmisionari David Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Walitembea miezi kadhaa, na wengine wakafia njiani. Aliyebebwa alizikwa Westminster Abbey. Wabebaji wengi hata majina yao hayatajwi. Wellington alifariki Mombasa mwaka 1935.

Mwingine, William Jones, alipata ushemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Askofu Hannington, aliyekuwa akisafiri naye, aliuawa Busoga, katika Uganda ya leo, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia.