Halmashauri ya Mji wa Ifakara inaamuaje inunue nini?

Msikilizaji, greda au mtaro, kipi kitangulie? Tufafanue uamuzi huo unavyofikiwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Miezi kadhaa kabla, mahitaji hutajwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, yakapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wataalamu wa halmashauri wakayapanga. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti, nayo huenda TAMISEMI na mwishowe Bungeni.

Fedha hazitoshi kila ombi. Mapato ya ndani hutokana na vyanzo kama ushuru wa mpunga, masoko na leseni, na asilimia 10 hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hapo ndipo mzani unapowekwa. Gari la taka haliishii kwenye bei yake: kila mwaka linataka dereva, mafuta, matairi na vipuri. Kwa kazi ya msimu, kukodi huweza kuwa nafuu. Lakini Mto Lumemo ukifurika, mtambo wa kukodi unaweza kuchelewa.

Diwani hupitisha bajeti, ila hakai kwenye Bodi ya Zabuni. Zabuni hutangazwa katika mfumo wa NeST.

Kwa hiyo, ukingoja zabuni itangazwe umeshachelewa. Nenda kwenye mkutano wa mtaa wako, taja hitaji lenu, na kifaa kikipendekezwa uliza: mafuta na matengenezo yake yatalipwa na fedha ipi?